Sura ya Saba: Kidhibiti Hujua Kile Tu Kinachoambiwa

Kulima uyoga ni kulima hewa ya chumba. Mfuko wa majani makavu ya migomba au mabua ya mahindi ukishachemshwa, ukapoa na kupandwa mbegu, karibu kazi yote iliyobaki iko katika hewa inayouzunguka: joto lake, unyevu wake, na kiasi cha hewa ukaa kilichomo. Wakulima wa uyoga aina ya mamama huzigawa hatua hizo kwa majina ya vyumba. Katika chumba cha giza mfuko hukaa wiki tatu hadi nne kwenye joto la nyuzi 25 hivi, utando mweupe ukitambaa ndani yake mpaka uujaze wote. Kisha huhamishiwa chumba cha mwanga, ambako unyevu wa hewa hutakiwa uwe kati ya asilimia 80 na 90 na hewa safi iingie mara kwa mara, ndipo uyoga uchipue. Maji ya Chai, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Meru, ni mahali pazuri kwa kazi hiyo: migomba iko kila upande, barabara ya Arusha hadi Moshi inapita hapo hapo, na hoteli za Arusha na Usa River haziko mbali. Kwa muda mrefu hali ya hewa ya banda imeshikwa kwa ndoo, mchanga uliolowanishwa sakafuni na madirisha ya kufungua na kufunga. Sasa vidhibiti vya umeme vinapatikana madukani na mtandaoni: sanduku dogo la ukutani lenye kioo cha namba, kihisi kwenye waya, na matundu ya kuunganishia feni, hita na mashine ya ukungu. Hoja ya sura hii ni kwamba sanduku hilo halikijui chumba. Linajua namba linayoletewa na kihisi, basi. Namba ikiwa mbovu, au jengo likiwa haliwezi kushika hali inayotakiwa, hakuna mpangilio wa kidhibiti utakaoliokoa zao. Kwa hiyo anayefunga kidhibiti na anayetafuta hitilafu wapite njia moja: jengo, kihisi, mpangilio, na sanduku lenyewe mwisho.

Kazi ya kidhibiti ni ya kale na ni nyepesi kueleza. Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyefanya kazi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17, alitengeneza tanuru la kuangulia mayai lililojirekebisha lenyewe: joto likipanda, kimiminika ndani yake kilitanuka na kusukuma kifuniko kilichopunguza hewa ya moto. Kupima, kulinganisha na kiwango lengwa, kisha kutenda. Tangu Drebbel mpaka leo mzunguko huo ni uleule, na kilichoongezeka zaidi ni kasi na idadi ya vitu vinavyopimwa. Udhaifu wake nao ni wa kale. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika uchambuzi wa kihesabu wa vidhibiti mwendo vya injini, akaonyesha kwamba kidhibiti kinachosahihisha kosa kinaweza chenyewe kuifanya mashine iyumbe, ikipita lengo upande huu kisha upande ule, ikiwa vipimo vya mashine na vya kidhibiti havipatani. Tabia ya mzunguko wote, kwa maneno mengine, haisomeki katika kifaa kimoja kilichomo ndani yake. Mkulima anayeona unyevu wa banda lake ukipanda hadi 97, ukishuka hadi 70, kisha ukipanda tena kila robo saa, anaona jambo lile lile alilolichambua Maxwell, na kubadilisha sanduku hakutalimaliza.

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu pingamizi la kwanza hutoka hapo. Watu husema: Meru ni baridi na bichi, kidhibiti cha nini? Ni kweli kwamba mlima unafanya kazi kubwa. Ndiyo sababu makampuni ya mbegu ya Uholanzi kama Rijk Zwaan na Enza Zaden yaliweka shughuli zao Arusha, na ndiyo sababu Kituo cha Mboga cha Dunia kilifungua ofisi yake ya kanda Tengeru. Katika kimo cha mita 1,200 hivi, mahali palipo nyuzi tatu kusini mwa ikweta, joto la mwaka mzima halichezi sana. Lakini wastani wa mwaka haulimi uyoga. Uyoga huishi saa kwa saa. Chukua asubuhi ya ukungu yenye joto la nyuzi 15, hewa ikiwa imejaa mvuke hadi asilimia 100. Mchana hewa ile ile ikipashwa na jua hadi nyuzi 28, bila tone la maji kuongezwa wala kupunguzwa, unyevu wake husomeka karibu asilimia 45. Hewa ya joto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo mvuke uleule unakuwa sehemu ndogo ya uwezo huo. Kwa hiyo mahali panapoonekana pabichi alfajiri panaweza kukausha vichwa vya uyoga saa nane mchana, hasa Januari na Februari, na tena Septemba na Oktoba kabla ya vuli. Kati ya Juni na Agosti shida hugeuka: usiku huweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13, utando ukapunguza mwendo na mifuko ikachelewa. Mlima unampa mkulima wastani mzuri, halafu unamwachia kazi ya kupambana na tofauti za mchana na usiku.

Hesabu ya pili ndiyo inayoonyesha kwa nini jengo linatangulia. Banda la mita 6 kwa 4, lenye kimo cha mita 2.5, lina mita za ujazo 60 za hewa. Kwenye nyuzi 25, kupandisha unyevu kutoka asilimia 45 hadi 85 kunahitaji gramu 9 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo, yaani zaidi kidogo ya nusu lita kwa banda zima. Ni kidogo sana. Vikombe viwili hivi vya maji. Ila uyoga unapumua kama sisi, unatoa hewa ukaa, na hewa hiyo ikizidi takriban sehemu 1,000 kwa milioni mashina hurefuka na vichwa hudumaa. Lazima hewa ya ndani itolewe na ya nje iingie. Ukibadilisha hewa yote mara nne kwa saa, nusu lita ile inakuwa zaidi ya lita mbili kila saa. Ukibadilisha mara kumi, lita tano na nusu. Banda lenye nyufa chini ya bati na mlango usioshika hubadilisha hewa upendavyo upepo, si apendavyo mkulima, na mashine ya ukungu ikafanya kazi ya kuulowanisha uwanja wa nje. Hapo kidhibiti kitawasha ukungu mchana kutwa bila kufikia lengo, na mwenye banda ataandika dukani kwamba kidhibiti kibovu. Kumbe kidhibiti kinatii kikamilifu.

Kuna kiungo kingine ambacho maelekezo yanayokuja na masanduku haya hukigusa kwa kupita. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke hunyonya joto la karibu kilojuli 2,450, sawa na linalotolewa na hita ya wati 1,000 ikiwaka kwa dakika 40. Banda linaloongezewa mvuke lita mbili kwa saa linapozwa kwa nguvu ya zaidi ya wati 1,300. Februari mchana hiyo ni neema, maana mashine moja inafanya kazi mbili. Julai usiku ni hasara: kidhibiti kinawasha ukungu kwa sababu unyevu umeshuka, ukungu unashusha joto, kidhibiti kinawasha hita, hita inapandisha joto na kushusha asilimia ya unyevu, ukungu unawaka tena. Mita ya LUKU inakimbia na hakuna kinachotulia. Uhusiano huu ukitumiwa kwa akili ni silaha. Huko Naivasha, nchini Kenya, shamba la maua la Oserian limetumia joto la ardhini kutoka Olkaria kupasha vitalu nyumba vyake, na lengo kubwa lilikuwa kupunguza unyevu wa alfajiri unaoleta ukungu wa magonjwa kwenye waridi. Walitibu unyevu kwa joto. Mkulima wa Maji ya Chai aliye na mifuko inayotiririka maji alfajiri ya Mei anaweza kufanya vivyo hivyo kwa joto dogo, badala ya kuendelea kuzima na kuwasha mashine ya ukungu ambayo haina kosa.

Kwa sababu joto, unyevu na hewa safi vinavutana, mpangilio wa kidhibiti ni uamuzi juu ya kipi kitii kipi, na uamuzi huo ni wa mkulima. Kwa chumba cha mwanga kwenye mteremko huu ningeweka hewa safi juu ya vyote, unyevu wa pili, joto la mwisho. Uyoga wa mamama huvumilia joto la kati ya nyuzi 18 na 28 kutegemea aina yake. Unyevu ukishuka kwa saa moja unaweza kurudishwa. Lakini vichwa vilivyoanza kuharibika umbo kwa kukosa hewa havirudi. Kwa hiyo feni iwe na saa yake yenyewe, kwa mfano dakika chache kila nusu saa, na unyevu usiruhusiwe kuizuia. Mashine ya ukungu isubiri feni inyamaze kabla ya kuwaka. Hita ipewe kazi usiku tu, na kiwango chake kiwe chini kiasi kwamba mchana isiitwe kamwe. Chumba cha giza kinataka mpango tofauti kabisa: unyevu hauna haraka kwa sababu mfuko umefungwa, joto ndilo kila kitu, na joto hilo halitoki hewani peke yake. Utando unapokula majani hutoa joto lake wenyewe, na katikati ya mfuko huzidi hewa ya chumba kwa nyuzi kadhaa, hasa mifuko ikibanana kwenye rafu. Kidhibiti kinachosoma nyuzi 27 hewani kinaweza kuwa kinasimamia mifuko iliyo na 31 ndani yake, ambako ukungu wa kijani hufurahia kuliko uyoga. Hapo kihisi kiingizwe ndani ya mfuko mmoja wa katikati ya rafu, na feni iwashwe kwa kipimo hicho.

Kisha kuna pengo la kuwasha na kuzima, jambo dogo linaloharibu vifaa vingi. Mkulima anayetaka asilimia 85 huandika 85 ya kuwasha na 86 ya kuzima, akidhani usahihi ndio ubora. Vihisi vya bei nafuu huyumba asilimia moja au mbili vyenyewe hata hewa ikiwa imetulia. Pengo likiwa dogo kuliko kuyumba huko, rilei itawasha na kuzima mamia ya mara kwa siku, midomo yake iungue na kugandamana, mwisho mashine ibaki ikiwaka moja kwa moja. Wekeni 82 ya kuwasha na 88 ya kuzima. Uyoga hautaona tofauti hiyo, rilei itaiona. Na kama mashine ya ukungu ni kubwa kwa banda, pengo pana peke yake halitoshi, kwa sababu maji yaliyokwisha kurushwa huendelea kufuka baada ya mashine kuzimwa. Unyevu utapita lengo. Dawa ni kuiwasha kwa vipande: sekunde kumi na tano iwake, dakika mbili isubiri, ili kihisi kipate muda wa kuona kilichofanyika kabla ya amri nyingine. Huo ndio mfumo ulioyumba wa Maxwell ukitulizwa kwa saa ya kawaida.

Sasa kihisi, ambako nadhani vita vingi hushindwa. Mahali kinapowekwa pana uzito kuliko bei yake. Kikiwa mbele ya nozeli husoma 99 wakati rafu ya nyuma ina 70. Kikiwa chini ya bati tupu hupigwa na mwale wa joto la bati na kusoma nyuzi ambazo hewa haina. Kikiwa mlangoni kinapima barabara. Pahali pake ni katikati ya chumba, kwenye kimo cha mifuko ya katikati, kikiwa kimefunikwa kwa kikinga mwale kinachopitisha hewa. Vibakuli vyeupe vya plastiki vilivyopangwa vikiachiana nafasi vinatosha. Kosa baya zaidi ni la vifaa vyenye kihisi ndani ya sanduku lenyewe, kwa sababu saketi zake hutoa joto. Tuseme hewa ina nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 85. Kihisi kilichopashwa nyuzi moja tu kitasoma 80. Kilichopashwa nyuzi mbili kitasoma 75 au 76. Kidhibiti, kwa utii wake, kitaongeza ukungu mpaka kisome 85, na wakati huo chumba kitakuwa kinakaribia kujaa mvuke, matone yakidondoka na madoa ya kahawia ya bakteria yakitokea kwenye vichwa. Mkulima atapunguza lengo, atashangaa kwamba 75 inampa chumba kibichi, na atahitimisha kwamba vitabu vinadanganya. Nyuzi moja au mbili za joto zilizopotea ndani ya sanduku zimemharibia imani yake na vitabu vyote.

Kihisi kinaweza kukaguliwa nyumbani bila mtaalamu. Chumvi ya kawaida iliyoloweshwa kwa maji kidogo mpaka iwe tope, ikafungwa ndani ya chombo kisichovuja pamoja na kihisi bila kukigusa, huifanya hewa ya chombo hicho itulie kwenye asilimia 75 katika joto la kawaida la chumba. Kiacheni usiku mzima mahali ambapo joto halibadiliki. Kikisoma 75 au karibu yake, kiaminiwe. Kikisoma 81, andikeni tofauti ya sita kwenye kidhibiti kama kina sehemu ya masahihisho, au ibandikwe ukutani ili kila mtu aijue. Joto likaguliwe kwa barafu iliyopondwa na maji, ambayo hutoa sifuri popote duniani, kihisi kikiwa kimevalishwa mfuko usiopitisha maji. Maji yanayochemka hayafai hapa kama kipimo cha 100, maana kwenye kimo cha Maji ya Chai huchemka karibu nyuzi 96. Ukaguzi huu urudiwe kila msimu, kwa sababu chumba cha uyoga ni mahali pagumu kwa kihisi: unyevu wa karibu 100 kwa muda mrefu hukipotosha, na mbegu za uyoga, zile chembe nyepesi zinazofuka kutoka chini ya vichwa vilivyokomaa, hukiziba kama vumbi.

Kimo kina jambo jingine na kihisi cha hewa ukaa. Mgandamizo wa hewa katika mita 1,200 ni pungufu kwa asilimia 13 hivi ukilinganisha na pwani. Vihisi vya kawaida vya hewa ukaa huhesabu molekuli zinazofyonza mwanga wa infraredi ndani ya chemba zake, na hewa ikiwa nyepesi molekuli ni chache, hata kama uwiano ni uleule. Kisiporekebishwa kwa kimo, chumba chenye 1,000 kitasomeka 870 hivi. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni utaratibu wa kujisahihisha ambao vihisi vingi vya bei nafuu huja nao ukiwa umewashwa: kila baada ya siku kadhaa hudhani kwamba namba ya chini kabisa vilivyoiona ndiyo hewa ya nje, takriban 400, na kujipanga upya juu ya dhana hiyo. Ofisini dhana hiyo ni sawa, kwa sababu usiku hakuna watu. Katika banda la uyoga hakuna usiku wa kupumzika. Uyoga unapumua saa zote. Kihisi cha chumba ambacho hakijawahi kushuka chini ya 900 kitafundishwa polepole kwamba 900 ni 400, namba kwenye kioo zitapendeza wiki baada ya wiki, na mashina yataendelea kurefuka. Zimeni utaratibu huo, au mkitoe kihisi nje kwenye hewa ya bustani mara kwa mara kikumbuke hewa safi ni ipi. Na uyoga wenyewe uaminiwe kuliko kioo: shina refu na kichwa kidogo ni ushahidi usiohitaji betri.

Hapa hutokea pingamizi la pili, lenye nguvu zaidi: kwamba haya yote ni shida za vifaa duni, na anayenunua kidhibiti cha kisasa, chenye hesabu za kujirekebisha na kuonekana kwenye simu, ataepukana nazo. Ningekubali nusu. Kidhibiti bora huyumba kidogo, hukumbuka mipangilio umeme ukikatika, na huandika kumbukumbu ambazo ni mali kubwa. Lakini hesabu bora juu ya namba mbovu hutoa amri mbovu kwa ustadi zaidi. Kihisi kilichopashwa na sanduku hakiponi kwa kuunganishwa na simu, na banda lenye nyufa halizibwi na programu. Zaidi ya hapo, kifaa kinachotuliza mstari kwenye grafu huweza kuficha ugonjwa: mashine ya ukungu iliyoanza kuziba itaongezewa muda wa kuwaka kimyakimya mpaka siku itakaposhindwa kabisa, ilhali kidhibiti rahisi kingemwonyesha mkulima wiki mbili mapema kwamba unyevu haupandi kama zamani. Mwenye fedha za kidhibiti ghali ningemshauri agawe bajeti hiyo: kidhibiti cha wastani, vihisi viwili au vitatu vizuri vilivyowekwa mahali tofauti, na bati la pili au dari ya mabanzi kupunguza joto la mchana.

Hitilafu ikitokea, fundi mwenye haraka hufungua sanduku kwanza. Aanzie upande wa pili. Kwanza apime chumba kwa kifaa kingine kabisa na kulinganisha na namba iliyo kwenye kioo. Zikitofautiana, tatizo limekwisha kupatikana, nalo ni kihisi, waya wake au mahali kilipo. Waya wa kihisi uliofungwa pamoja na waya wa umeme wa feni huokota misukosuko, na kiungio kilicholowa huleta namba zinazorukaruka au kioo kisichoonyesha kitu. Zikilingana, atazame kama amri inatoka: taa ya rilei inawaka au haiwaki. Ikiwaka na mashine imelala, tatizo liko kwenye fyuzi, waya au mashine. Mashine ikiwaka na hali haibadiliki, tatizo liko kwenye maji, nozeli au jengo. Kuna hitilafu moja inayoonekana kama ya sanduku kuliko zote, nayo ni kidhibiti kinachojizima na kujiwasha chenyewe. Achomoe feni na mashine zote, akiache kidhibiti kiwake peke yake kwa saa chache. Kikitulia, ugonjwa ni mzigo. Mota ya feni inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake, na kwenye laini ndefu ya kijijini ambayo tayari volti zake ziko chini ya 230, mshtuko huo hukizima kidhibiti. Inapozimwa hurudisha mruko wa umeme unaoweza kukipotezea akili. Tiba ni kontakta inayobeba mzigo wa mota badala ya rilei ndogo ya sanduku, waya mnene wa kutosha, na kidhibiti chenyewe kulishwa kupitia betri ndogo au stebilaiza. Gharama yake haifikii ya sanduku jipya, ambalo lingejizima vilevile.

Maji yanahitaji kusemwa peke yake katika eneo hili. Miamba ya volkano ya Meru huyapa maji ya mito na visima vya upande huu floraidi na chumvi nyingine za sodiamu kwa wingi. Mito kadhaa imepimwa ikiwa na floraidi mara nyingi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, na kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Mvuke hauchukui madini. Kila lita inayofuka huacha nyuma chote kilichokuwa ndani yake. Maji yenye miligramu 500 za madini kwa lita, yakitumiwa lita 60 kwa siku, huacha gramu 30 kila siku: kwenye nozeli, kwenye kihisi, kwenye vichwa vya uyoga vinavyokwenda kuliwa. Mashine za ukungu za mitetemo ni mbaya zaidi, kwa sababu hurusha tone zima pamoja na madini yake, na vumbi jeupe hutanda kila mahali. Mkulima anayebadilisha nozeli kila mwezi na kihisi kila msimu, akilaumu ubora wa bidhaa, ana dawa juu ya paa lake mwenyewe: mfereji, chujio la majani na tangi la maji ya mvua. Kiangazi kirefu kitalimaliza tangi dogo, hilo ni kweli, na kwa miezi hiyo maji ya bomba yatiwe sakafuni kwenye mchanga, yafuke taratibu na kuacha madini yake mchangani, huku maji ya mvua yaliyobaki yakitunzwa kwa ajili ya nozeli.

Mchanga huo unaleta pingamizi la mwisho, la wale wanaosema ndoo na uzoefu vinatosha. Kwa banda la mifuko mia, linalokaliwa na mtu mchana kutwa, ninakubaliana nao bila shida. Mkono unaojua hali ya hewa kwenye ngozi ni kihisi kizuri na hauhitaji kontakta. Wanapokosea ni kudhani kwamba kidhibiti kinakuja kuuondoa ujuzi huo. Kinakuja kwa ajili ya saa ambazo mtu hayupo: saa tisa usiku wa Julai, na saa nane mchana wa Februari mwenye banda akiwa sokoni Tengeru. Anayekifunga kabla ya kujua banda lake linafanyaje lenyewe hana namna ya kujua kama kinasaidia. Wiki mbili za kuandika joto na unyevu alfajiri, mchana na jioni, ndani na nje, kabla ya kununua chochote, zitaonyesha banda linahitaji nini, na mara nyingine zitaonyesha kwamba linahitaji tu kivuli na mlango unaofunga.

Na kwa kuwa umeme wa TANESCO hukatika na uniti za LUKU huisha usiku, banda lipangwe kwa swali la nini kitatokea kila kitu kikizimika. Matundu ya hewa yawe ya kufunguka yenyewe yakikosa umeme, vali ya maji iwe ya kujifunga, na mchanga uwe umelowa jioni ili unyevu udumu bila mashine. Umeme ukirudi, feni zianze peke yake kwa dakika kumi, na mashine ya ukungu ifuate baadaye, kwa sababu kilicholundikana wakati wa giza ni hewa ukaa, na unyevu kwa kawaida bado upo.